Aliyekula Meno ya Mama

Nilipokuwa mtoto, kule kwetu upande wa Masukulu, mwanamke mwenye mimba hakuruhusiwa kusogelea mbegu. Si za ulezi, si za maharage, wala kupita tu mlangoni pa ghala. Wazee walisema mtoto aliye tumboni amekaa kinywa wazi, na chochote anachokikaribia mama yake, yeye anakila. Mwache apite leo, kesho upime debe lako ukute limepungua. Ulikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa, ghala lilikuwa la kijiji kizima, kwa hiyo mjamzito mmoja alionekana mwizi wa watu wote kwa mpigo. Ghala lile lilipungua hata msimu ambao hakuna aliyekuwa na mimba, lakini mwenye funguo alikuwa mwanamume, na tumbo lake halikutiliwa shaka.

Mama yangu alikuwa na mimba ya pili; ya kwanza nilikuwa mimi, Tumpe. Baba alikuwa kwenye ujenzi wa reli, tunamwona kwa nadra. Nyumbani tulibaki watatu: mama, mimi, na bibi mzaa baba, ambaye neno lake halikuwa likijibiwa.

Asubuhi moja ya ukungu mama alikuwa nyuma ya nyumba anapiga mswaki. Mswaki wetu ulikuwa kijiti, unatafuna ncha mpaka inakuwa nyuzinyuzi. Alipotema, mate yaliangukia jani la mgomba yakiwa mekundu. Bibi akayaona. Alimnyang'anya kile kijiti, akakitazama ncha.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi, mama. Kila nikigusa ufizi."

"Basi usiuguse. Huyu amemaliza ya ghalani, sasa anakula meno yako. Na wewe unamchokoza."

Akakichomeka kijiti kwenye mianzi ya ukuta, juu kidogo ya mlango. Mimi nisingekifikia, lakini mama angeweza. Hakukigusa.

Mtu mzima akisikia maneno kama yale huyapima, akatupa mengine. Mtoto humeza yote. Tangu siku ile nilikuwa naishi nyumba moja na kitu kinachokula watu kutoka ndani. Mama aliniita niweke sikio tumboni, nimsikilize mdogo wangu anavyocheza. Nikaweka. Nikasikia mngurumo, halafu kama kitu kinachosagika, halafu kimya. Mama akacheka, na aliposogeza uso karibu nami nikasikia harufu ya kinywa chake. Ilikuwa harufu ya kitu kilichoanza kuoza. Nikasema moyoni, kweli, analiwa. Nilihamisha mkeka wangu upande wa pili wa jiko. Nilipokula, niligeuka ukutani nifiche sahani. Na kila nikitoka nje, nililamba meno yangu kwa ulimi, moja moja, nihakikishe yapo.

Mama alienda kliniki, nami nikamfuata. Nesi wa pale alikuwa mgeni, ametoka Tanga, Kiswahili chake kitamu mpaka wanawake wa kwetu walikuwa wanaona haya kumjibu. Alimpima tumbo, kisha akamwambia afungue kinywa. Mama akafunika mdomo kwa kanga.

"Fungua, Mama Tumpe. Mimi nimeona mabaya zaidi ya hayo."

Akachungulia. "Hakuna anayekula kitu humu. Mimba hulegeza ufizi, na uchafu ukikaa ndio unavimba na kutoka damu. Umeacha mswaki?"

Mama akairudisha kanga mdomoni.

"Piga asubuhi na jioni, taratibu. Damu isikutishe, ukiendelea itapungua. Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Na jino likiuma uje hapa tukupeleke kwa mganga wa meno. Usingoje kujifungua."

Njiani mama alitembea haraka, kama mtu aliyepewa ruhusa. Nilifikiri tutafika na atakichomoa kijiti. Bibi alikuwa mlangoni anapepeta. Mama akamweleza ya nesi, naye akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo nesi kazaa wangapi?"

"Sijui, mama. Bado msichana."

"Basi."

Yaliishia hapo. Mimi nilishangaa, na mpaka leo nashangaa, jinsi "basi" moja ilivyoweza kuzima safari nzima. Lakini mama angefanya nini? Baba hayupo, na majirani walikuwa tayari wanasema mtoto wa yule mwanamke ni mlafi. Akimwasi mkwe wake, na likitokea baya, litakuwa lake peke yake.

Mvua za masika zilipokolea, jino lake la nyuma likaanza kuuma. Shavu lilivimba mpaka jicho likafumba. Alikunywa uji uliopoa, kwa upande mmoja, naye anatetemeka kwa homa. Jirani mmoja akasema apelekwe Tukuyu akang'olewe. Bibi akasimama.

"Jino la mjamzito haling'olewi. Ukilitoa, mtoto atalifuata."

Tukangoja. Jino halikung'olewa, na mtoto akaja vilevile. Alikuja kabla ya wakati wake, mchana, ukungu umetanda mpaka migomba ya jirani haionekani. Alikuwa mdogo kiasi kwamba mkunga alimbeba kwa kiganja na nusu ya mkono. Hakulia, alikoroma tu kidogo.

Bibi akampokea, akamsogeza mlangoni penye mwanga. Kisha akamtia kidole kinywani. Nilikuwa nimesimama palepale, na nilijua anatafuta nini, maana hata mimi nilikuwa nakitafuta. Akapitisha kidole juu. Akapitisha chini. Ufizi wa mtoto yule ulikuwa laini kama ndizi mbivu. Mtoto akajaribu kunyonya kile kidole, akachoka, akaacha.

"Hana meno," nikasema.

"Nyamaza wewe."

Lakini hakukitoa kidole. Alikiacha mle, akitazama nje kwenye ukungu.

Mama alimkamulia maziwa, tone kwa tone, yakamwagikia shavuni. Yule aliyeambiwa amemaliza ghala la kijiji hakuwa na nguvu ya kumeza. Alikufa kinywa kikiwa wazi, na mkunga alipojaribu kukifumba kikafunguka tena. Hivyo ndivyo tulivyomzika.

Majirani walisema, si mnaona, bibi alionya. Mama alipopelekwa Tukuyu hatimaye, akang'olewa jino lile na mawili yaliyopakana nalo, na alipona. Siku aliyorudi, bibi alikichomoa kijiti ukutani, akakitia motoni. Akaenda shambani, akarudi na kipya alichokichonga mwenyewe, akakiweka miguuni pa mama pamoja na chumvi kwenye kipande cha jani. Sikuwahi kumsikia bibi akiomba radhi kwa mtu, na ile ndiyo iliyokaribia.

Ukubwani nimewauliza wauguzi kama ni ule ugonjwa wa meno uliomleta mdogo wangu mapema. Mmoja aliniambia huenda, uchafu wa fizi unaweza kufanya hivyo, lakini hawezi kuapa. Basi na mimi siapi. Ninachojua ni kwamba mama alikatazwa kusafisha kinywa kwa sababu kinywa kilikuwa kinaumwa.

Mwaka huu mjukuu wangu amekuja kutoka mjini, Bagamoyo ya Tukuyu, si ile ya pwani, ana mimba. Nilimwangalia kinywa kabla ya tumbo.

"Bibi, damu ilikuwa inatoka nikipiga mswaki, nikaona niache."

Ana simu, ana kidato cha nne, na ameacha mswaki. Nilimpeleka hospitali mwenyewe, na nikakaa nje mpaka aliposafishwa meno.

Juzi alitaka kupika. Akaingia stoo yangu, akainama juu ya gunia la maharage, na mimi nikajikuta nimesimama, mkono nimeunyoosha kumzuia. Mwili ulitangulia, kichwa kikafuata. Umri huu wote, na bado kile kinywa nakiona.

"Vipi, bibi?"

"Chota," nikamwambia. "Hayo na yale ya kwenye debe, ya mbegu. Chota mpaka ushibe."