Minyoo Niliowapeleka Saluni

Nikisimulia haya huwa natazama sakafu, kwa sababu hakuna namna ya heshima ya kueleza jinsi mwanamke mzima, mwenye shahada mbili na ya tatu ikiwa njiani, alivyosimama mbele ya wageni, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imechambuka kama pamba, akakiri kwamba hajui minyoo wake ni wepi.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu nilikuwa nikichunguza minyoo wadogo wasiomwingia mtu wala mnyama. Huishi kwenye mboji, hula bakteria, basi. Mmoja huweza kuzaa peke yake bila dume, kwa hiyo nilikuwa nimekuza ukoo safi kutokana na mnyoo mmoja wa mboji ya mtaa wa Kabiria, kizazi baada ya kizazi, hadi wote wakawa kama nakala moja. Ukoo huo ndio wageni wa ng'ambo walikuwa wamekubali kuuchukua wakasome jenomu yake yote, yaani maandishi yote ya urithi wake, na ndio uliobeba shahada yangu. Ukoo wa pili, wa bustani moja ya mtaa wa Karen, ulikuwa wa kulinganisha tu.

Umeme wa maabara ulikuwa ukipotea ovyo, nikawalaza minyoo wote nyumbani mwishoni mwa juma, kila ukoo katika kisahani chake cha plastiki (baridi ya Julai iliwafaa), na asubuhi ya kuwakabidhi, kwa kuwa nywele zangu zilikuwa aibu, nikaamua kupitia kwanza Kenyatta Market, soko la wasusi na nyama choma. Wasusi watatu kichwa kimoja, nikajiambia, nitamaliza mapema.

Sikutulia. Kila mara nainama kuhakikisha mkoba wenye visahani uko mbali na joto la draya, na Akinyi, msusi wangu, ananirudisha kichwa kwa chanuo.

"Madam, tulia. Hiyo bag iko na mtoto?"

"Ina minyoo," nikasema (ningesema ina mayai, ningekuwa profesa leo).

Wasusi wote watatu wakaacha kichwa changu kwa pamoja.

"Minyoo ya tumbo?" akauliza Mama Njoki, mwenye saluni. "Hapa nje watu wanakula nyama, mama. Toa hiyo kitu."

Ningetoka, mambo yangeishia hapo. Badala yake ualimu ukanipanda: nikabandua utepe, nikafungua visahani vyote viwili, nikawaambia wajionee wenyewe kwamba hawana madhara. Vikapita mkono kwa mkono.

"Sioni kitu," Akinyi akasema. "Kwani unasomea hewa?"

"Wapo. Ni wadogo kama ncha ya uzi."

"Ai, huyu anatingika. Mama Njoki, kuja uone, ako na kiuno kutushinda."

Wakacheka, nami nikacheka, nikajiona mwalimu wa taifa. Kisha nikarudishiwa visahani, vimefunikwa vizuri, ndipo nikakumbuka: majina ya koo nilikuwa nimeyaandika kwenye vifuniko. (Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huambiwa aandike chini ya kisahani, maana kifuniko hakina mwenyewe.)

"Hiki kifuniko kilikuwa cha kisahani gani?"

"Si zote ni sawa?" akasema Mama Njoki.

Na kweli, hata minyoo wenyewe, chini ya hadubini ni sawa.

Nikatoka mbio kichwa nusu, Akinyi akinifuata hadi mlangoni. "Madam, watu watasema ni mimi nimekufanyia hivyo."

Maabarani wageni walikuwa wamekwisha kufungua boksi lao. Ndege yao ilikuwa jioni. Nafsi ikaniambia, kisia tu, ni kimoja kati ya viwili, nani atajua? Nikakishika cha kushoto, nikakiweka, nikakishika tena. Lakini jenomu ya mnyoo mwingine ingesomwa, ikaitwa ya Kabiria, na watu wakajenga elimu juu yake. Nikamweleza Profesa, msimamizi wangu, ukweli mbele ya wageni, kuanzia kwenye draya.

"Basi mwanangu, utaanza upya na mnyoo mmoja," akasema. "Na hicho kichwa, kitaisha lini?"

Wageni wakaondoka na boksi tupu. Kesho yake nilikuwa Kabiria nachimbua mboji, nimejifunga kitambaa, na shahada ikachelewa kuliko nilivyopenda kuwaambia wazazi wangu. Tangu hapo sisuki nywele siku ya kazi, na kila chombo nakiandika chini. Hata mkebe wa sukari nyumbani umeandikwa chini, na wanangu kila wakiugeuza kuhakikisha si chumvi, sukari huishia mezani.