Papa yangu kwenye direct

Leo papa alinitia haya mbele ya watu, na sasa natembea kifua mbele.

Nilifungua direct, video ya moja kwa moja, kwenye simu, wateja waone mafuta yetu ya mawese. Papa akaninyang'anya simu, akaita kwa nguvu: "Allô Kalima! Allô Kampene! Munanisikia?"

Wakati wa vita, barabara zilipofungwa, kazi yake ilikuwa kuita watu wa miji ile kwenye foni, ile redio ya kuzungumzia.

Nikamwambia: "Papa, watatucheka!"

Mara mama mumoja wa Kampene akaandika: "Papa, sauti yako njo iliniambia bwana yangu iko muzima."

Papa akauliza polepole: "Na leo iko wapi?"

Mama akajibu: "Iko hapa kando yangu. Anataka bidoni mbili za mafuta."

Mafuta yote yamenunuliwa, yameisha! Kama na wewe ulimusikia papa yangu miaka ile, andika hapa chini. Iko anasoma yote.