Yule wa Mwaka wa Ishirini na Tatu

Barua ya kuniita chuo kikuu ilifika Kitale mwaka wa 1990, na baba akaisoma yeye kwanza, mara tatu, kabla ya kunipa. Baba alikuwa mtunza stoo katika duka la vyuma la Bwana Harbhajan, na alizoea kukagua kila kitu kabla hakijapangwa rafuni. Barua ilisema nimechaguliwa kusomea Kiingereza na historia, yote mawili pamoja, shahada moja. Baba aliigeuza karatasi kutafuta jina la kazi upande wa pili. Hakukuwa na kitu.

"Sitati," akaniuliza, "ukimaliza hii watu watakuita nani?"

"Msomi," nikamjibu. Nilikuwa na miaka ishirini na aibu sikuwa nayo.

Bwana Harbhajan, ambaye alizaliwa hapo hapo Kitale na Kiswahili chake kilinishinda mimi kwa mbio, aliegemea mizani ya misumari akacheka. "Basi huyu atarudi kutuambia kwa Kiingereza yale tumesahau kwa Kiswahili." Wateja wakacheka naye. Mimi sikucheka. Niliwaona ni watu wasio na upeo, nikawasamehe kimoyomoyo.

Lazima niseme jambo kuhusu Kiingereza changu, maana mambo yote yalianzia hapo. Tangu nianze darasa la kwanza, baba alipiga marufuku Kibukusu nyumbani kwetu. Mama alikificha jikoni, lakini mezani ilikuwa Kiingereza au unyamaze. Kiingereza cha baba mwenyewe kilikuwa cha stoo, cha bawaba na mabati, kwa hivyo chakula cha jioni kililiwa kimya miaka mingi. Mimi nikakua na Kiingereza ambacho walimu walikuwa wakiitana waje kusikiliza. Kibukusu nilikielewa nusu, kukisema kukanishinda kabisa, na tulipokwenda Bumula kwa Krismasi nilimjibu babu kwa Kiswahili. Babu alinitazama vile mtu hutazama karani aliyekuja kuhesabu watu.

Chuoni, idara ya Kiingereza ilikuwa juu kilimani na ya historia chini bondeni, nami nilikuwa katikati nikikimbia na vitabu kwapani. Kila idara iliamini mimi ni wa ile nyingine. Daktari Gichuki wa historia alikata kila neno langu tamu kwa kalamu nyekundu. "Hapa unapamba," aliandika. "Ushahidi uko wapi?" Bi Jepkemboi wa Kiingereza naye alikata tarehe. "Nani atalia kwa sababu ya tarehe hii?" aliniuliza. Kwa hivyo kule chini nilijulikana kama mshairi na kule juu kama karani. Nilijipa moyo kwamba mimi ni watu wawili katika mmoja. Ukweli ni kwamba nilikuwa nusu mbili ambazo hazijawahi kusalimiana.

Hata hivyo kuna mambo mawili niliyoyashika vizuri. Kiingereza kilinifundisha kusimama mbele ya watu na kusema bila kutetemeka. Historia ikanifundisha kwamba mdomo husahau na karatasi hukumbuka. Somo la kukaa chini halikuwa kwenye ratiba.

Desemba 1993 wahadhiri walikuwa wamegoma, chuo kimefungwa, nami niko Kitale na tasnifu ya mwaka wa mwisho ambayo haikuwa na mada. Ndipo babu akafariki Bumula. Nitasema ukweli hata kama unaniaibisha: nililia asubuhi, na kufikia saa kumi jioni nilikuwa nimepata mada.

Babu alikuwa mzee wa wajukuu thelathini na tisa, na mzee kama huyo hazikwi hivi hivi tu. Siku ya tatu baada ya mazishi anafanyiwa kumuse. Anakuja mtu wa ukoo ulio na kazi hiyo, amevaa joho na kofia yake, ameshika fimbo, anatembea katikati ya watu akisema. Anasema walikotoka mababu, walivyohama, nani alimzaa nani, hadi anamfikia marehemu na kumpeleka hatua kwa hatua mpaka kaburini. Wakati huo hakuna anayesimama, hakuna anayepita, hakuna anayeuliza. Mtoto akilia anazibwa mdomo. Maneno yakikatwa njiani, hubaki yamekatwa.

Aliyeitwa ni Mzee Munialo, ambaye siku za kawaida alikuwa fundi wa baiskeli pale sokoni Bumula. Mimi niliazima redio ya kaseti kwa Bwana Harbhajan, nikanunua daftari jipya, na usiku haukuisha kabla sijapekua sanduku la bati la babu. Humo nilikuta kipande chake cha ukoloni, kile kitambulisho cha kazi. Kilisema aliandikwa kazi kwa mzungu mmoja wa Kitale mwaka wa 1925. Na babu mwenyewe alikuwa akisema kila Krismasi kwamba alikwenda kwa wazungu miaka miwili baada ya kisu, yaani baada ya kutahiriwa. Ishirini na tano toa mbili. Nikaandika 1923, nikapiga mstari chini yake mara mbili. Nilijiona mwanahistoria kamili.

Asubuhi ile uwanja ulijaa. Mzee Munialo alianza mbali, kwa sauti iliyokuwa ikipanda na kushuka, na kaseti yangu ikazunguka. Nusu ya maneno ilinipita lakini majina na miaka niliipata. Alimleta babu duniani, akamfanya mchunga ng'ombe, akamfikisha mtoni kupakwa udongo wa tohara. Akasema mwaka: ishirini na mbili.

Nikasimama.

Mpaka leo sijui miguu ilipata ruhusa kwa nani. Nilisema kwa Kiingereza kwanza, kwa mazoea, halafu nikajitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili safi: "Samahani, Mzee. Kulingana na stakabadhi zilizopo, ni mwaka wa 1923."

Shangazi yangu mmoja akashindwa kujizuia, kicheko kikamtoka, na uwanja mzima ukamfuata. Mimi nilidhani wanacheka kwa kufurahia usomi.

"Na wewe ulitahiriwa lini?" ami yangu akaniuliza kutoka kwenye mkeka.

"Themanini na nne."

"Na ndugu yako anayekufuata?"

"Themanini na sita."

"Na huyu wa kwangu?"

"Themanini na..." Hapo nikaanza kuhesabu kwa vidole, viwili viwili.

Maana sisi hatutahiri kila mwaka. Ni Agosti, mwaka mmoja ndiyo, mwaka mmoja hapana, na ni ile miaka inayogawanyika kwa mbili. Mwaka wa ishirini na tatu hakuna kijana wa Kibukusu aliyeguswa na kisu. Kila mtu anajua, hata muuza njugu wa Bumula anajua. Mimi mwenyewe nilikatwa katika boma lile lile, nilisimama hatua kumi kutoka pale nilipokuwa nimesimama sasa na daftari, na miaka mitatu ya chuo kikuu haikunisaidia kugundua.

Kicheko kilikatika ghafla. Mzee Munialo alikuwa amevua kofia. Alikunja joho lake polepole, akalifunga nyuma ya baiskeli, akaondoka bila kumtazama mtu.

Mama mkubwa mmoja akaanza kulia, na si kilio cha kuigiza. Babu yangu, mwenye wajukuu thelathini na tisa, aliachwa pale mtoni akiwa amepakwa udongo, kijana ambaye hajatahiriwa. Hakuna aliyeweza kumtoa hapo isipokuwa Munialo. Jamaa waliotoka mbali wangesubiri siku chache, zaidi ya hapo wangetawanyika na jambo libaki hivyo milele. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi yenyewe ilikuwa imechimbwa juzi kwa ajili ya mtu wa maana zaidi.

Baba hakunigombeza. Hilo ndilo liliniuma. Alikunja mikono ya shati, akasema anaenda Bungoma mjini kumpigia simu Bwana Harbhajan aongezewe siku za ruhusa. Aliondoka alfajiri ya kesho yake kwa baiskeli. Keshokutwa akaenda tena, na siku iliyofuata tena. Nilidhani simu za Bungoma zimeharibika.

Mimi nami nilikwenda kwa Mzee Munialo, kila siku saa nne, jua likiwa limeshapanda. Nilikuwa nimeandika hotuba ya kuomba radhi, ina utangulizi, hoja tatu na hitimisho. Nilimkuta amechuchumaa kati ya cheni na mabomba.

"Wewe ndio ile mutu ya twente-three?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mzee. Nimekuja kuomba msamaha. Kwanza kabisa..."

"Shika hii gurudumu."

Nikashika. Nilishika gurudumu siku ya kwanza mpaka saa saba, akinyoosha spoku moja moja, na hoja ya kwanza haikuisha. Siku ya pili ikawa vilevile.

"Ati huko chuo unasomanga nini?" aliniuliza.

"Kiingereza na historia, Mzee."

"Historia ya nani?"

Nikamtajia: mapinduzi ya Wafaransa, vita vya Wajerumani, wafalme wa Uingereza.

"Hao wote ni watu yako?"

"Hapana, Mzee."

"Haya. Pampu hiyo taya."

Siku ya tatu nilifika hoja ya pili, ile ya umuhimu wa kuhifadhi urithi wetu kwa vizazi vijavyo, na nilikuwa naisema vizuri sana, mikono mpaka juu. Akanikatiza. "Nyamaza bana. Nitakuja Jumamosi. Ambia kina mama wapike."

Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Hoja ya pili ilikuwa imefanya kazi.

Jumamosi alikuja, akavaa joho, akaanza upya tangu walikotoka mababu. Alipofika mtoni alisimama, akanigeukia. Uwanja wote ukanigeukia. Nilitazama viatu vyangu na nikavikariri. "Ishirini na mbili," akasema, na babu akatahiriwa, akawa mwanamume, akaenda kwa wazungu, akarudi, akaoa, akatuzaa wote, akapumzika. Baba alikuwa amekaa karibu yangu. Nilimsikia akishusha pumzi ndefu.

Tasnifu yangu ilikuwa na kurasa sitini na mbili. Sura nzima ilieleza jinsi mtafiti, kwa uwezo wake wa kushawishi, alivyorudisha imani ya msimulizi. Daktari Gichuki aliandika pembeni kwamba kuna utamu mwingi. Bi Jepkemboi aliandika kwamba kuna tarehe nyingi. Wote wawili walinipa alama ile ile, B, na nadhani ndiyo mara ya pekee walikubaliana juu yangu. Nikawa mwalimu hapo Kitale, wa masomo yote mawili, na jina la kazi alilongojea baba likapatikana. Ila Bumula halikushika. Huko mimi ni Twente-three. Hata siku ya harusi yangu mshereheshaji alinitambulisha hivyo.

Kila likizo nilikuwa nikienda kwa Mzee Munialo. Nilishika magurudumu, yeye akinirudishia Kibukusu neno kwa neno, na alinicheka sana. Nilikipata ukubwani, kikiwa kimepinda kidogo, lakini nilikipata. Wakati huo wote hakuniambia jambo moja.

Baba alifariki Septemba 1999. Tulimpeleka Bumula, na siku ya tatu Mzee Munialo akaletwa akiwa nyuma ya bodaboda ya baiskeli, macho yameingia ukungu, joho lile lile. Safari hii sikuwa na kaseti wala daftari. Nilielewa kila neno. Alimleta baba duniani, akamtahiri mwaka wa arobaini na sita, akampeleka Kitale kwenye stoo ya vyuma. Kisha akafika mwaka wa tisini na tatu, na sauti yake ikashuka.

"Mtoto wake alikata maneno ya babu yake," akasema. "Mimi niliapa sirudi. Huyu mtu alikuja kwangu alfajiri, kabla sijafungua kazi. Akakaa chini kwenye mafuta ya cheni na shati lake jeupe. Akasema, 'Usimhesabie kijana. Mimi ndiye nilimnyima lugha ya nyumbani, nilitaka apate Kiingereza. Hajui kwa sababu mimi nilifunga mlango.' Siku ya kwanza sikumjibu. Siku ya pili sikumjibu. Siku ya tatu alilia mbele yangu, mtu mzima, nikamwambia inuka, nitakuja. Akasema, usimwambie mtoto. Leo namwambia, kwa sababu leo ni ya kusema yote."

Kurasa sitini na mbili, na hilo halimo hata kwenye tanbihi. Simu ya Bungoma! Mwanahistoria mzima niliishi na shahidi nyumba moja miaka sita, nikila naye ugali, nisimuulize hata mara moja simu ile alimpigia nani. Nilikuwa na maswali mengi mno. Alikaa upande gani. Alilia kwa lugha gani. Miguu yangu ilijaribu kuinuka, naijua tabia yake.

Niliishika magotini kwa mikono miwili, nikakaa chini, nikamwacha Mzee Munialo amfikishe baba yangu mwisho.