Tuta la Yusufu

Juzi mjukuu wangu alinionyesha filamu kwenye simu, kijana wa tajiri akimpenda msichana maskini wa darasa lao. Ni nzuri, nikakiri. Lakini mimi nilisikia harufu ya udongo mbichi wa shamba la shule, mchana ule nilipompelekea dada yangu Skola togwa ya ulezi.

Wanafunzi wote walilima, watoto wa wakulima na wa wenye maduka. Yusufu, ambaye baba yake alikuwa na duka na lori pale Mazwi, alikuwa akihangaika na ntumba, tuta letu la mviringo la Wafipa. Mwalimu alishaahidi viboko kwa asiyemaliza.

“Majani ndani, udongo juu! Nikwambie mara ngapi?” dada alifoka, akiiongoza mikono ya Yusufu iliyojaa malengelenge.

“Nimeelewa, Skola.”

Dada alipogeuka kunywa togwa, nilimwona Yusufu akilisukuma tuta kwa mguu.

“Skola, limebomoka tena.”

Jioni alichapwa, huku akitabasamu. Nilimwambia mama kwamba mtoto wa mwenye duka ni mjinga ajabu.

Huyo ndiye shemeji yangu. Mpaka leo, kijijini kwetu hakuna anayemshinda kwa ntumba.