Dawa ya Shemeji

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akithubutu kukanyaga tena kwangu hapa Mandawa, nitamfukuza na mwiko. Ndiye aliyemletea mume wangu bangi, eti inashusha sukari kuliko sindano za hospitali.

Asubuhi ile tulikwenda kuokota korosho. Mume wangu alikuwa ameshajidunga insulini nyumbani, na uji nikaubeba kwenye chupa ili anywe tukifika, maana sindano bila chakula humshusha sukari kupita kiasi. Hakuunywa. Alijificha na mdogo wake nyuma ya mikorosho, wakavuta, na uji akausahau kabisa.

Nilipowafuata, mume wangu alikuwa amekaa chini, jasho linamchuruzika, mikono inatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Shemeji anacheka.

"Stimu hizo, shemeji. Mwache alale."

Stimu! Nimeshaiona sukari ikimshuka, naijua sura yake. Chupa ilikuwa mbali, lakini mabibo, yale matunda matamu ya mkorosho, yalikuwa yametapakaa miguuni petu, na alikuwa bado anaweza kumeza. Nikaanza kumkamulia mdomoni.

Shemeji akanidaka mkono. "Unampa utamu mgonjwa wa sukari? Unamuua!"

Nikamsukuma akaanguka chali. Nikaendelea kukamua mpaka mume wangu akaniita jina langu.

Juzi nimemkuta shemeji gulioni Nanganga, nyuma ya mabanda, anainadi bangi yake kwa kunong'ona: "Kaka yangu ilimshusha sukari mpaka mkewe akachanganyikiwa."

Mzee mmoja, mguu umefungwa bandeji kwa kidonda cha kisukari, alikuwa ameshanyoosha mkono kuipokea.