Mafiga Yanayohama

Kisiwa chetu hapa deltani hakitulii: bahari inakimega mashariki, mto unakijaza tope magharibi. Kwa jirani yangu muuza vitumbua, hilo si jambo la kununia. Kila ukingo ukimegeka, hubeba mafiga yake na chuma cha vitumbua, akasogea magharibi kidogo, kuelekea kwa Bwanaheri, mshona nyavu aliyempa talaka. Mikono ya jirani yangu ina makovu ya mafuta, na kanga yake inanukia iliki na moshi wa kuni za mikandaa. Kitumbua hukigeuza kwa kijiti bila kukitazama.

"Sasa utanipikia mlangoni?" Bwanaheri hulalamika, huku akipokea kitumbua cha kwanza.

"Ilaumu bahari," hujibu. "Mimi naikimbia tu."

Juzi nilimwona anahama tena. Nikaenda ukingoni kutazama kilichoondoka safari hii. Hakikuondoka kitu, mchanga ulikuwa umerudi, na miche ya mikandaa imeota palepale yalipokuwa mafiga yake ya mwaka juzi. Nikarudi mbio kumpa habari njema, kwamba sasa anaweza kurudi kwake.

Akanivuta mkono. "Punguza sauti, shoga yangu," akasema. "Atasikia."