Jina la Njau kwenye Rijista

Mume wangu Njau hakuwa mtu wa kelele. Kelele za nyumba hii, hapa kijijini Theta, ni zangu, na majirani wote wanajua. Lakini ukigusa mambo ya mafuta, alikuwa anaweza kukukalisha saa mbili na chai ipoe.

Alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye maabara ya kiwanda cha kusafisha mafuta huko Pwani. Kazi yake ilikuwa kupima kama mafuta ni safi au yamechanganywa. Kiwanda kilipofungwa alirudi na mkoba mmoja na hasira moja: kwamba nchi zetu hizi zina mafuta ardhini, halafu zinataka kuyauza mabichi ng'ambo na kununua yaliyosafishwa na wengine.

"Mama Wanja," alikuwa akiniuliza, "huyo si ni mtu anauza maziwa yake yote, halafu anaenda dukani kununua ya pakiti?"

Nilimwambia hiyo ng'ombe si yake, anywe chai.

Mwaka jana likasomwa tangazo kanisani: kamati ya mpango wa nishati wa kanda yetu inakuja Thika kuchukua maoni ya wananchi. Mpango wenyewe ulitaka nchi zote zinunue mafuta yaliyosafishwa, mambo ya viwanda yasahaulike. Wakati huo figo za Njau zilikuwa zimechoka kabisa. Akaandika kurasa nne kwa mkono, akinisomea kila asubuhi.

"Sitarajii wakubali," aliniambia. "Nataka tu iandikwe kwamba kuna mtu wa kiwanda alisema hapana."

Siku ya mkutano tulikuta msichana mlangoni na rijista. Njau akauliza ni ya nini.

"Ya kuonyesha umefika, mzee."

Alitaka kuisoma kutoka juu mpaka chini, vile alivyozoea kazini. Watu walikuwa wamejaa nyuma yetu wakinung'unika, na mimi nikaona aibu.

"Ai, Baba Wanja! Weka saini tukae, utaanguka hapa!"

Akaweka.

Tulikaa kutoka saa tatu. Wakubwa walifika saa sita, wakaongea wao kwa wao, wakapigiana makofi. Zamu ya wananchi ilipofika, mwenyekiti akasema muda umeisha, wenye karatasi waziache mezani. Njau alikuwa tayari amesimama. Mimi nilifoka mpaka askari wakanitoa nje. Yeye alizipanga karatasi zake vizuri, akaziweka juu ya zile zingine, akanifuata.

Ripoti ilitoka baada ya miezi mitano. Njau alikuwa kitandani, macho hayasomi tena. Binti yetu Wanja, anayefanya kazi kwa saiba, duka la kompyuta na intaneti, huko Ruiru, ndiye aliyeichapa akaniletea. Nikafungua kurasa za mwisho. Majina yote ya ile rijista yalikuwa yamepangwa chini ya maneno haya: waliounga mkono mpango. Nambari arobaini na moja, Ephantus Njau, Theta. Karatasi zake nne hazikutajwa popote.

"Waliandika?" akaniuliza.

Ngai, Mungu wangu, ningesema nini? Zile kurasa nne zilikuwa zimenikaa kichwani kama sala ya Bwana.

"Waliandika," nikasema, nikajifanya nasoma. "Bwana Ephantus Njau, aliyekuwa mfanyakazi wa maabara, alipinga mpango huu." Nikaendelea hivyo, hoja moja baada ya nyingine, mpaka kwa yule mtu wa kuuza maziwa na kununua ya pakiti.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ya maziwa nilikuwa nimeitoa," akasema polepole. "Usiku wa kuamkia mkutano. Niliogopa watanicheka."

Nilikosa pa kuweka uso. Akapapasa blanketi mpaka akapata mkono wangu.

"Soma tena, Mama Wanja. Hata na maziwa."

Nikasoma tena huku nalia, na hakuniuliza nalia nini. Alituacha Jumapili iliyofuata. Ile saini ni mimi nilimharakisha aiweke, na sikuwahi kumwomba msamaha.